Kilo za Celine

Roseline alikuwa mshona sandali soko la Kariokor. Uwanja uliokuwa nyuma ya ploti walikopanga mtaani Fedha ulipojengwa magorofa, watoto walihamia kucheza barabarani. Roseline aliogopa magari, akaanza kumfungia binti yake, Celine, ndani kwa kufuli kila mtoto asipokuwa shuleni naye yuko sokoni. Alimwachia chipsi, soda na televisheni ili asilie. Hakulia. Alinenepa.

Alipofika miaka tisa alikuwa akihema kwenye ngazi, na shingo yake ikaingia weusi. Roseline aliisugua kwa sabuni mpaka mtoto akapiga mayowe. Kliniki, muuguzi Nafiso alimshika mkono.

"Mama Celine, huo si uchafu. Mwili wake umeanza kushindwa na sukari. Akule vizuri, akimbie, acheze. Lakini msimwachie kazi hiyo peke yake. Nyumba nzima ibadilike."

Roseline akaanza kupika githeri ya mahindi na maharagwe, na mboga ya sukuma. Mumewe Willis, fundi wa reli, aliingia na soda ya lita mbili vilevile.

"Mimi nililala njaa utotoni," alisema. "Wangu hatalala."

Celine alikunywa soda, sahani ikapoa.

Jumamosi moja Roseline alirudi mapema. Alipofungua kufuli alimkuta Celine nyuma ya pazia, anajitia sukari kavu mdomoni kwa kiganja. Akamzaba kofi. Midomo ya mtoto ilikuwa nyeupe kwa sukari.

"Mathe, ukinifungia nifanye nini?"

Roseline alikaa sakafuni akalia kama aliyefiwa, na Willis akawakuta hivyo. Alipoambiwa, alitoka na soda aliyokuja nayo, akaimwaga uani. Soda hakuileta tena.

Kufuli nalo liliondolewa. Sahro, jirani wa chini, alikubali kumwangalia Celine akiruka kamba uani na wanawe. Siku za kwanza walimcheka. Alipanda juu akilia, Roseline akamshusha tena huku roho ikimuuma.

Baada ya miezi mitatu walirudi kliniki. Mzani ulisoma kilo zilezile.

"Hajaongeza," Nafiso alisema. "Hiyo ni hatua, mama."

Roseline alikuwa ameomba zipungue hata mbili. Njiani walimpita mwuza soseji za smokie, Celine akamvuta mama yake gauni, akaomba, kisha akaangua kilio mbele za watu. Roseline alimshika mkono, akaendelea kutembea, machozi yakimtoka, bila kujua kama kesho atapata nguvu ya kukataa tena.