Kinga ya Kufunga Mkononi

Niliondoka Kisangani kwa sababu profesa wangu alitaka damu ya watoto wa Maniema wenye uvimbe wa taya, na mimi nilikuwa msaidizi wake wa utafiti. Tulitaka kujua kwa nini kinga ya mwili huiachia saratani njia, kana kwamba ni mwenyeji. Nilimwuliza profesa, mtoto mwenyewe atapata nini? Akajibu, "Sayansi." Jibu halikunitosha, lakini nilipanda lori.

Karibu na Lubutu tulikwama kwenye tope. Dereva aliliona sanduku langu la barafu, akaniita "raia" kwa Kifaransa, akanitania mbele ya abiria: "Sitwayeni, toa samaki tukule!" Nikasema ni la kuwekea damu. Hadi Kindu hakuna aliyekaa karibu nami.

Kindu, baada ya kuvuka mto, nilipokewa mtaa wa Mikelenge na Mama Feza, muuguzi wa dispensari. Alikuwa amemwita mwanamke mmoja mkulima wa Pangi pamoja na binti yake Zawadi, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba hadi jicho likafinywa. Nikaeleza: natafuta kinga katika damu. Mama wa Zawadi akakubali upesi mno, akamkunjia binti nguo hadi begani.

"Munganga, iyo kinga utaifunga mukono gani?"

Sindano ikabaki hewani. Alidhani nimeleta kinga ya kufunga, hirizi kama ule uzi mweusi uliokuwa shingoni mwa Zawadi.

"Amekubali, chukua," Feza alininong'oneza.

"Mama," nikasema, "sikuleta kinga. Natafuta ile iko ndani ya mutoto. Damu itaenda Kisangani."

"Na dawa iko wapi?"

"Kisangani."

"Basi weye unabeba damu, unaacha mutoto? Damu haitembei peke yake. Kama inaenda, sisi wote tunaenda."

"Eh, mama! Lori si ya baba yako!" Feza akasema.

"Hata huyu munganga, lori si ya baba yake."

Mimi, mpinzani wa kila kitu, nikairudisha sindano mfukoni, nikawaambia wafunge mizigo.

Wakati wa kurudi sanduku lilikuwa tupu. Zawadi alilikalia njia nzima.

Kisangani, profesa alifoka: "Nilikutuma chupa, umeniletea watu!"

Mama akamtazama. "Munganga mukubwa, unaanza na dawa ao na damu?"

Profesa akaagiza dawa.

Uvimbe umeanza kunywea. Kama utarudi, sijui, na simwamini anayesema anajua. Ninachojua ni kwamba mama yule alikubali mara mbili. Ndiyo ya Kindu ilikuwa ya kitu ambacho sikuwa nacho. Ya Kisangani, ya kutoa damu baada ya dawa kuanza, aliitoa akijua, huku amemshika binti yake mkono.