Kidole cha Baba Kilicholala

Mjukuu wangu anababua miguu ya kuku jikoni hapa Rwamishenye, na harufu ile inanirudisha utotoni Muleba, kwa bibi yangu mbishi. Baba alikuwa amejikata muundi kwa panga akipunguza majani ya migomba. Kidonda kilipona, lakini kidole gumba cha mguu ule kikalala, hakiinuki tena, na kila kisiki shambani kikamwangusha. Asipolima, tungekula nini? Bibi akawa anakisugua kidole kwa samli kila asubuhi. Kidole, jamani! Na kovu liko juu kule!

Siku moja nikachukua mguu wa kuku, nikauvuta uzi mweupe uliochomoza kwa mbele, pale ulipokatwa. Vidole vikainuka.

"Bibi, tazama! Kinachoinua kidole kiko huku juu, kwenye muundi. Cha baba kimekatika."

"Nyamaza wee! Baba yako ni kuku?"

"Mama, hebu mwache," baba akasema. Akauvuta uzi mwenyewe, akarudia tena. Kisha akachuna kamba ya mgomba, akafunga kidole gumba, akaikaza chini ya goti. Kidole kikasimama. Akabeba jembe, akatoka bila kujikwaa.

Bibi akabaki na samli yake mkononi. "Haya, mjuaji. Sasa mimi nipake wapi?"