Gogo la Pikapu Yetu

Nikinusa grisi iliyochanganyika na mafuta ya taa, namwona baba amelala chini ya pikapu yetu, miguu tu ikiwa nje. Pikapu hiyo ilikuwa kuukuu kuliko milima ya Ileje, na waya wa hendibreki ulikuwa umekatika tangu dunia iumbwe. Kila tuliposimama mlimani, baba alipaza sauti, "Mama watoto, gogo!" Mama aliruka chini na kitenge chake, akalitegesha gogo nyuma ya tairi, huku akijibu, "Siku nikichoka, utaliweka mwenyewe!" Abiria waliangua kicheko hadi Zambia wakasikia.

Waya mpya ulipatikana huko huko Zambia, wiki chache baada ya kumzika mama. Baba aliufunga kutwa nzima, hakutaka msaada wa mtu. Kisha akatupeleka kwenye mteremko mkali kuliko yote, akavuta hendibreki. Gari likatulia kama nyumba.

"Imeshika, baba," nikasema.

Hakunisikia. Alitoa kichwa dirishani, akaita, "Mama watoto, gogo!"

Kisha akashuka taratibu, akalitegesha mwenyewe nyuma ya tairi, ingawa gari halikuwa likienda popote.