Chale za Kifuani

Daktari wa jeshi la Ubelgiji alimvua mdogo wangu shati, akaona chale: mistari midogo sita, mitatu kila upande wa kifua. Akamuuliza kama alipasuliwa. Mdogo wangu, ambaye hajui kudanganya, akasema bibi alimchanja huko Bujumbura akiwa mchanga, kwa ajili ya kikohozi. Daktari akaandika: ugonjwa wa mapafu wa utotoni, haukutibiwa hospitalini. Hafai.

Miaka miwili alikuwa amekimbia kila asubuhi akijiandaa kwa jeshi, na Brussels ina mvua. Najua, maana tulilala chumba kimoja na viatu vyake vilinuka unyevu. Barua ilisema anaweza kuomba dérogation, yaani ruhusa ya kupokelewa licha ya kasoro ya afya.

Makaratasi niliyakusanya mimi. Hospitalini Woluwe, mtaalamu wa mapafu alimpulizisha kwenye mashine mara tatu, akasoma matokeo, akacheka. "Mapafu haya ningeyataka mimi." Akaandika kurasa mbili, akagonga muhuri, akazibandika ndani ya bahasha. Nikadhani tumemaliza.

Ofisi ya jeshi ikajibu kwamba inataka pia hati ya aliyefanya upasuaji.

Mama alikuwa akimenya ndizi nilipomtafsiria barua hiyo. "Bon, waende kumuuliza makaburini," alisema. "Mama yangu alichanja mutaa muzima. Na wewe alikuchanja. Umekohoa lini, papa?"

Hapo ndipo nilipopata wazo, nami nikaliona ni zuri. Nikaenda mpaka ofisini, karibu na stesheni ya Gare du Nord, mdogo wangu akinifuata. Mbele ya karani, mama mmoja mpole wa makamo, nikafungua vifungo vya shati.

"Grand, funga, alors!" mdogo wangu alininong'oneza. "Utaniaibisha."

"Tazama, madame," nikasema. "Mkono ule ule, wembe ule ule. Kazi yangu ni kupandisha mashine za kufulia mpaka ghorofa ya tano. Huyu ana ugonjwa gani ambao mimi sina?"

Alizitazama kwa makini, akazihesabu. "Mko wangapi wenye alama hizi?"

"Wote wanne," nikajibu kwa fahari.

Akageukia kompyuta. Nilijiinamisha nikasoma alichoandika: ugonjwa wa mapafu wa ukoo, ndugu wanne.

Nikamwambia afute. Nikamwambia ripoti ya mtaalamu imo kwenye faili lile lile, chini ya kiwiko chake. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba yeye huandika tu anachoambiwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Ombi limekataliwa; sababu: historia ya familia. Pamoja nalo walirudisha ripoti ya Woluwe, ikiwa bado ndani ya bahasha aliyoibandika mtaalamu kwa mkono wake. Hakuna aliyeifungua. Kifua changu walikihesabu mstari kwa mstari, lakini kurasa mbili hawakuwa na nafasi ya kuzisoma.

Mdogo wangu hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri, na viatu vyake vilikuwa mlangoni, vikavu.