Modele ya Kutulia

Profesa aliyeongoza memwari yangu ya kumaliza chuo alinipa hadi Jumatatu: nichague modele moja ya ukuaji wa samaki, ama nitetee mwaka ujao.

Samaki wenyewe walikuwa tilapia wa bwawa la mama mdogo, kule Beni. Modele ya kwanza inasema wataongezeka bila kikomo. Ya pili inasema wataongezeka, kisha bwawa litajaa na idadi itatulia. Shida ni kwamba nilikuwa nimewafuatilia kwa muda mfupi, na mwanzoni mistari ya modele hizo inafanana kama mapacha. Nikichagua ya kwanza, jury ya walimu itacheka. Nikichagua ya pili, itauliza nimeona wapi kutulia. Hapa Butembo nilivuta blanketi, nikachora mistari hiyo upya.

Jumapili baada ya misa, mama mdogo akapiga simu.

"Mutoto yangu, unafanya nini?"

"Nashindwa kuchagua modele, mama mudogo."

Sauti yake ikalainika.

"Enfin! Nilingoja sana. Ziko ngapi?"

"Mbili. Moja inapanda tu."

"Inapanda mpaka wapi?"

"Bila mwisho."

"Ah non! Na batu ba kanisa batasema nini?"

Nililifikiria jambo hilo kwa uzito. Parokia hununua samaki kwake. Huenda walihofia bwawa kufurika.

"Na ingine?"

"Inapanda, kisha inatulia."

"Kamata hiyo. Hiyo iko na heshima."

Sikuwahi kusikia mstari ukisifiwa heshima, lakini jioni ile ile nilimtumia profesa jibu.

Siku ya kutetea, mama mdogo alifika na mfuko. Akatoa vazi la kitenge lenye sketi inayopita magoti, akachungulia nyuma yangu.

"Fiancée iko wapi?"

"Mchumba gani?"

"Ule ulimuchagulia modele! Fundi alishona mbio mbio!"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa fundi wa nguo, modele ni mshono, na kinachopanda ni pindo la sketi.

Kabla sijaeleza, niliitwa ndani.

"Samaki yako bado inaongezeka tu," profesa akasema. "Ulijuaje kama itatulia?"

Kichwani nilikuwa na jibu moja tu: watu wa kanisa.

"Bwawa halipanuki, Profesa. Chakula na hewa ya majini vina mpaka, hata kama vipimo vyangu havijaufikia."

Akaguna. "Ça va. Umepita."

Kwenye safu ya nyuma ya ukumbi, mama mdogo alikuwa amelivaa vazi lile juu ya gauni lake, lisipotee bure. Akasimama.

"Mimi njo nilimuambia!"