Mguu wa Shangazi na Maji ya Ndiva

Enzi hizo za Mwingereza, likizo yangu ya pili kutoka chuo kikuu Kampala, nilishuka kwenye treni pale Same na kupanda milima kwa miguu. Kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyoshindwa kujua kama nilikuwa macho au bado nasinzia ndani ya behewa. Sauti ya maji ya mferejini ilinitangulia hadi nyumbani kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Usinitazame usoni, tazama huku." Akainua khanga.

Shangazi alikuwa mnene tangu nilipopata akili, na kijiji kilimsifia: ndoa imemkubali, walisema. Sasa miguu ilikuwa imevimba kuanzia magotini kwenda chini, ngozi imekaza na kung'aa. Nilibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki, likajaa polepole, kama wayo kwenye tope.

"Jumamosi anakuja mzee wa kuchanja," alisema. "Atayatoa maji kwa wembe."

Niliogopa. Darasani tuliambiwa kwamba maji haya, limfu, hayana moyo wa kuyasukuma. Hupita kwenye vijia vyembamba chini ya ngozi, yakisukumwa na misuli mtu anapotembea. Mafuta yakizidi vijia hubanwa, maji hudorora, na hapo hata mkwaruzo mdogo huweza kuzaa usaha na homa ya kuua. Mwalimu aliyasema haya kwa kusitasita, nami niliupenda kusitasita kwake kuliko uhakika wa watu wote wa nyumbani.

"Kwa hiyo si kurogwa?" aliuliza nilipomweleza hayo.

"Ni unene, shangazi, na kukaa."

"Yaani mimi mvivu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, ila kisomi."

Nilichana shuka kuukuu, nikamfunga mguu mmoja. Nilikaza sana chini ya goti, nikateremka nikilegeza hadi kifundoni. Asubuhi unyayo ulikuwa umeumuka kama boga. Nilidhani atalia. Alicheka hadi akajifuta machozi.

"Msomi! Umeziba mfereji, halafu unashangaa ndiva kufurika?"

Ndiva ni bwawa dogo la udongo. Maji hukusanywa humo usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Siku za msaragambo, kijiji kizima kinapotoka kuzibua mifereji, shangazi ndiye aliyewapanga watu. Alikuwa na kanuni moja: anzeni kule maji yanakoelekea. Mkianzia karibu na bwawa, maji yatawatangulia na kukutana na tope.

Akajipapasa paja kwanza, taratibu, akielekeza juu. Kisha goti. Kifundo kikawa cha mwisho. Sijui kama alikuwa akiuwaza mguu au mfereji. Macho yalikuwa mbali, mikono ikienda kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Kitambaa tulikifunga upya, tukikaza kutoka vidoleni na kulegeza kadiri tulivyopanda. Akawa analala miguu juu ya gunia la maharage, na kila asubuhi anatembea kando ya mfereji, nami nyuma yake, tukihesabu migomba hadi tukapoteza hesabu.

Jumamosi mzee akaja, wembe umefungwa kwenye jani la mgomba. Shangazi akanyoosha mguu. Mzee akabonyeza. Shimo likatokea, lakini safari hii lilikuwa dogo, na likajaa kabla sijapumua mara mbili.

"Bado yamo," mzee alisema.

"Yamo, ila yanatembea. Wewe ulikata lini ukingo wa mfereji ilhali maji yanatembea?"

Mzee akaguna, akiufungua wembe. "Na yakisimama?"

"Nitakuita. Uje na wembe mpya, huo una kutu."

Mzee akanywa uji akaenda zake. Mimi sikutulia. Kilichosaidia ni kitambaa, gunia, kutembea, au baridi tu ya wiki ile? Nikamwambia shangazi tuache kimoja kimoja, ili tujue.

"Mguu huu ni wangu, mwanangu," alisema, akiinuka kwenda kutembea. "Ukitaka wa kujaribia, nenepesha wako."