Hakuna wa Kumuuliza

Baba yake alikuwa fundi wa makochi, na katika ukoo mzima, kuumeni na kuukeni, hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu hata kwa kupeleka mzigo. Ndiyo maana tangu shule ya msingi walimwita Msomi, kwanza kwa utani, kisha kwa matumaini. Siku ya kuripoti chuoni baba alimsindikiza hadi getini, akamkabidhi begi. "Mwanangu, mimi mwisho wangu hapa," alisema. "Huko ndani utajua mwenyewe."

Huko ndani Msomi hakujua. Bwenini alipangwa chumba kimoja na binti wa daktari, msichana asiye na makuu, ambaye kila jioni mama yake alimpigia simu: somo hili lichukue mapema, mhadhiri yule usimkimbie, kamwone. Msomi alijifunika shuka hadi kidevuni, akisikiliza ushauri wa mama wa mwenzake kama mwenye njaa anayenusa chungu cha jirani. Nyumbani kwao wakipiga waliuliza, "Unakula? Unalala?" Akajibu ndiyo, maneno yakaisha, na pande zote mbili zikabaki zimeshika simu kwa sababu hakuna aliyetaka kutangulia kukata.

Somo la Takwimu ndilo lililomtoa kijasho. Mhadhiri akitania, darasa lilicheka, naye alicheka baada yao, amechelewa kidogo. Jaribio la kwanza alianguka, tena alianguka chali. Baba alipouliza masomo yanaendaje, akasema, "Vizuri, baba." Kisha akala kwenye kona ya bwalo, ameuelekeza uso ukutani, ili mtu asimwone akila na machozi yake.

Mlangoni kwa mhadhiri palibandikwa saa za kuonana na wanafunzi. Msomi alidhani ni za walioitwa kwa makosa. Binti wa daktari ndiye aliyemtoa ushamba. "Nenda tu. Anakaa mle peke yake, watu hawaendi."

Alikwenda, akaufikia mlango, akaupita kama mwenye safari nyingine. Siku iliyofuata akaupita tena. Alipokuwa anajishauri kwa mara nyingine, mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na mhadhiri, mama mnene aliyepandisha miwani kichwani, akamkuta amesimama.

"Unamtafuta nani, binti?"

"Wewe, mwalimu. Lakini sijui nikuulize nini. Sijaelewa chochote."

"Basi umeshauliza. Ingia."

Alimrudisha nyuma kabisa, hadi mada ya pili, mahali alipoanza kupotea. Kisha akamuuliza anasoma na nani. Msomi akasema peke yake. Mhadhiri akatikisa kichwa, akamtajia kijana wa kiti cha nyuma, mtoto wa dereva wa lori, aliyekuja na kilio hicho hicho.

Wakaanza kukutana maktaba. Urafiki hasa haukuwepo. Kijana yule maneno aliyatoa kwa kijiko. Lakini Msomi alipata ahueni kila alipomsikia akisema, "Hapa mimi sioni kitu." Mwisho wa mwaka Takwimu aliipita, si kwa kishindo, lakini aliipita.

Likizo alirudi nyumbani, akamkuta baba anapigilia fremu ya kochi. Akachukua nyundo ili amsaidie kama zamani. Baba akaitoa mkononi mwake taratibu. "Acha, mama. Hivyo sasa ni vidole vya kalamu." Akavutiwa kiti, akaketishwa kama mteja. Mama naye hakumtuma tena dukani. Chuoni mgeni, na kwao mgeni.

Alikaa kwenye kiti kile hadi akashindwa kuvumilia. "Baba, lile jaribio nilianguka. Nilikudanganya."

Baba akautoa msumari aliokuwa ameubana midomoni. "Kwa nini hukusema?"

"Ungenisaidia nini?"

Neno likishatoka halirudi. Baba alipapasa sponji ya kochi kwa muda, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Hizo Takwimu sizijui," alisema. "Lakini ungelia, ningekusikiliza."

Tangu hapo akipiga simu alimuuliza, "Leo nini kimekushinda?" Msomi alieleza, baba akaitikia bila kuelewa nusu yake, na hakuna aliyejifanya anaelewa zaidi. Miaka ikaenda, akamaliza na daraja zuri. Siku ya mahafali wazazi wake waliketi mbali, nyuma kabisa. Majoho yote yalifanana, na kipaza sauti kilikuwa kinakoroma, basi wakampigia makofi kila aliyepita jukwaani, wasije wakamkosa wa kwao.